Mkao wa Mgonjwa Katika Eksirei ya Mifupa ya Uso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa radiolojia, na wauguzi wanaosindikiza wagonjwa hadi chumba cha eksirei, na mengine na wagonjwa wenyewe. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kazini, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine mstari mmoja tu.

Kwa nini uso una mikao mingi hivyo? Si ukae tu mbele ya mashine upigwe?

Ukikaa tu upigwe, picha itatoka, ila itakuwa picha ya fuvu na uso utapotelea ndani yake. Eksirei haichagui: mwale ukiingia kisogoni na kutokea puani, kila mfupa uliokutana nao njiani utaacha kivuli chake juu ya kivuli cha mwenzake.

Msumbufu mkuu ni mfupa mmoja. Kulia na kushoto, chini ya ubongo, kuna sehemu ya mfupa inayolihifadhi sikio la ndani. Ni miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote mwilini, na jina lake la kitaalamu, petrasi, linatokana na neno la kale lenye maana ya mwamba. Nitauita mwamba tangu hapa. Katika picha unaonekana kama mkanda mweupe mzito, na popote unapoangukia huwezi kuona kilicho nyuma yake. Mgonjwa akiegemeza paji la uso kwenye stendi inayoshikilia kaseti (bamba linalopokea picha) na mwale ukapita bila pembe yoyote, miamba yote miwili hujaa ndani ya matundu ya macho. Akiinua kidevu, miamba hushuka. Akiinua zaidi, hushuka zaidi.

Ukilielewa hilo, mikao yote ya uso haitakusumbua. Kila mmoja ni jibu la swali lile lile: leo nataka kuona nini, na mwamba niusukumie wapi usinizibe? Kidevu ndicho usukani.

Mistari ya uso ni ipi, na lazima niikariri?

Lazima. Haichorwi kwa kalamu, unaivuta kwa jicho. Mmoja unatoka kona ya nje ya jicho hadi tundu la sikio. Wa pili unatoka ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi sikio hilo hilo, nao hupishana na ule wa kwanza kwa takribani nyuzi 7. Wa tatu unatoka kidevuni hadi sikioni. Kila mkao utakaosoma umejengwa juu ya mmojawapo wa hii mitatu.

Ncha za mistari hiyo ziguse kwa kidole, kwa ruhusa ya mgonjwa. Ukikadiria kwa kumwangalia kutoka mlangoni utakosea, hasa kwa mtu aliyevimba uso.

Mkao wa Waters unafanywaje?

Huu ndio mkao mama. Waters na Waldron waliueleza mwaka 1915 wakitafuta namna ya kuona sainasi za taya la juu, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mfupa, na hadi leo ukiruhusiwa picha moja tu ya uso, utachukua hii. Unaonyesha taya la juu, kingo za matundu ya macho, mifupa ya mashavu na kizigeu cha pua, vyote kwa mara moja.

Mgonjwa anakaa au anasimama akiitazama stendi. Anaegemeza kidevu, kisha anainua uso mpaka ule mstari wa kidevu na sikio uingie moja kwa moja kwenye kaseti, yaani usimame wima dhidi yake, kwa pembe mraba. Ukifika hapo, mstari wa jicho na sikio utakuwa na nyuzi 37 na uso wa kaseti. Mwale wa kati unalala mlalo na kutokea pale pua inapokutana na mdomo wa juu. Umbali wa tyubu, yaani chanzo cha mwale, hadi kaseti ni sentimita 100, na kwa chujio la kawaida (wavu unaonasa miale iliyotawanyika) nguvu ya kilovolti 70 hadi 80 inatosha.

Utasikia wengine wakifundisha kwamba pua ibaki sentimita 2 hivi kutoka kwenye kaseti. Ni kipimo cha haraka, kitumie kuanzia tu. Pua za watu hazikukatwa kwa mkasi mmoja: yuko mwenye pua ndefu na yuko mwenye pua bapa, na wote wawili wakiachwa na sentimita 2, videvu vyao havitakuwa mahali pamoja. Mimi huchukua rula, nikaishika sambamba na shavu kutoka kidevuni hadi sikioni, nikaangalia kwa ubavu kama inaelekea kaseti bila kupanda wala kushuka. Hainichukui sekunde tano.

Jambo moja ambalo vitabu havilisemi kwa sauti: ukimwambia mgonjwa “inua kidevu”, wengi hufungua mdomo au husukuma taya mbele, huku shingo ikibaki pale pale. Mwambie “tazama dari”. Shingo itafuata macho. Kidevu kikishagusa stendi, mwambie afunge meno taratibu.

Nitajuaje kama kidevu kiliinuliwa sawasawa?

Angalia mwamba, ndio unaosema ukweli. Katika Waters nzuri, miamba imekaa chini tu ya sakafu ya sainasi za taya la juu. Ukiiona imeingia ndani ya sainasi na kuziba sehemu yake ya chini, kidevu hakikuinuka vya kutosha. Hili ndilo kosa la kila siku, na ni la hatari kwa sababu sainasi iliyozibwa na mwamba inafanana na sainasi iliyojaa maji. Mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa wa kivuli.

Miamba ikiwa imeshuka mbali mno, kidevu kilipitiliza. Sainasi zitaonekana zimefupishwa na kupotoka umbo. Si mbaya kama lile kosa la kwanza, lakini usilizoee.

Kuhusu kupinda kulia au kushoto, pima pengo kati ya ukingo wa nje wa tundu la jicho na ukingo wa fuvu, pande zote mbili. Mapengo yawe sawa. Upande wenye pengo dogo ndiko uso ulikogeukia.

Daktari ameandika “Waters iliyorekebishwa”. Tofauti yake nini?

Kidevu kinashushwa kidogo, hadi mstari wa jicho na sikio uwe na nyuzi 55 na kaseti. Mwamba unapanda na kuangukia nusu ya chini ya sainasi, na safari hii tunauruhusu, kwa kuwa anachotafuta daktari ni sakafu ya tundu la jicho. Kwa pembe hiyo, mwale unapita karibu sambamba na sakafu.

Hutumika mtu akipigwa ngumi au mpira wa jichoni. Ukingo wa mfupa unaweza kubaki mzima huku sakafu, ambayo ni nyembamba mno, ikipasukia chini na mafuta ya jicho yakaning’inia ndani ya sainasi kama tone la maji. Umbo hilo la tone likionekana juu ya sainasi, mwite daktari wa radiolojia kabla mgonjwa hajaondoka.

Na mkao wa Caldwell?

Paji la uso na pua vinagusa stendi, mstari wa jicho na sikio unakuwa wima dhidi ya kaseti, na tyubu inainamishwa nyuzi 15 kuelekea miguuni, mwale ukitokea kwenye kibonde cha juu ya pua, kati ya macho. Miamba huangukia theluthi ya chini ya matundu ya macho, na juu yake unaona vizuri sainasi za paji la uso na kingo za juu za matundu ya macho. Kama daktari anataka matundu ya macho yote bila kizuizi, nyuzi zinaongezwa hadi 30.

Ila kama unatafuta maji ndani ya sainasi, usiinamishe tyubu. Acha mwale ulale mlalo kabisa, halafu mrudishe mgonjwa kichwa nyuma kwa zile nyuzi 15. Maji hutulia sawa na ardhi; mwale uliopinda hauwezi kuuona usawa wake, unaonyesha ukungu tu.

Eugene Caldwell mwenyewe, Mmarekani, alikufa mwaka 1918 kutokana na madhara ya mionzi aliyoifanyia kazi. Huwa namtaja kwa wanafunzi ninapofika kwenye swali linalofuata.

Kwa nini mgonjwa aipe tyubu kisogo? Angekaa akiitazama si ingekuwa rahisi kumpanga?

Ingekuwa rahisi kwako. Kwake yeye, lenzi za macho zingekuwa za kwanza kupokea mwale ukiwa bado na nguvu zake zote. Mwale ukiingia kisogoni, mfupa na ubongo hunyonya sehemu kubwa kabla haujafika machoni, na dozi ya lenzi hupungua mara nyingi. Lenzi ni dhaifu mbele ya mionzi: mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishusha kikomo cha lenzi kwa wafanyakazi wa mionzi kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20. Picha moja ya uso haikaribii hata kidogo kiwango hicho, lakini kama kugeuka tu kunaipunguza, mgeuze.

Sababu ya pili ni ya picha yenyewe. Uso ukiwa karibu na kaseti, mifupa yake hutoka mikali na karibu na ukubwa wake halisi. Ukiwa mbali, hukuzwa na kufifia.

Picha ya ubavu inaonekana rahisi. Mbona yangu hutoka na mistari miwili miwili?

Kwa sababu kichwa hakikulala sawa, na mistari hiyo inakuambia kilikosea wapi. Katika picha ya ubavu, paa za matundu ya macho zinatakiwa kulaliana ziwe mstari mmoja, na matawi ya taya la chini, yale yanayopanda kuelekea masikioni, vilevile. Vivuli vikiachana juu na chini, kichwa kiliinama kuelekea bega moja. Vikiachana mbele na nyuma, uso uligeuka.

Mstari unaounganisha mboni mbili uwe wima dhidi ya kaseti, na mwale uelekee mfupa wa shavu, katikati ya kona ya jicho na tundu la sikio. Mwili mzima wa mgonjwa hauhitaji kukaa ubavu kabisa. Ugeuze nusu, bega la mbali lirudi nyuma kidogo, kichwa kitatulia chenyewe. Ukimbana mabega yote mawili sambamba na stendi, shingo itavutana na kichwa kitainama kila ukigeuka kwenda kupiga.

Pua iliyovunjika inapigwaje?

Ubavu, kulia na kushoto, mwale ukilenga kama sentimita 1.25 chini ya kibonde cha juu ya pua. Kilovolti 50 hadi 60, bila chujio, eneo la mwanga, ile taa inayoonyesha mwale utakapoangukia, libanwe liwe dogo. Mifupa ya pua ni myembamba. Ukiipiga kwa nguvu za fuvu itayeyuka ndani ya weusi.

Nikisema ukweli wangu, nyingi ya picha hizi hazibadilishi chochote. Pua iliyopinda huonekana kwa macho, na mshono wa kawaida wa mfupa unaweza kudhaniwa ni mpasuko. Jambo la haraka kwa mtu aliyeumia pua ni damu iliyojikusanya kwenye kizigeu, na hiyo haionekani kwenye eksirei hata upige mara kumi. Inaonekana kwa kumulika tochi ndani ya pua.

Nimeambiwa nipige upinde wa shavu kwa kupitia chini ya kidevu. Mgonjwa wangu hawezi kurudisha shingo nyuma kiasi hicho.

Wengi hawawezi, na wazee karibu wote. Mkao unataka kilele cha kichwa kiguse kaseti na mstari wa chini ya jicho hadi sikioni uwe sambamba nayo, mwale ukiingia chini ya kidevu kwa pembe mraba na mstari huo. Ukifanikiwa, pinde mbili za mashavu hujitokeza pembeni kama vishikio vya jagi, na hata kibonyeo kidogo hakijifichi.

Kwanza, hakikisha shingo haijaumia. Kama kuna shaka yoyote, mkao huu haufanywi. Pili, panga kila kitu kabla ya kumrudisha kichwa: kaseti, mwanga, viwango vya mashine, alama ya upande. Mtu aliyekunja shingo nyuma huanza kizunguzungu haraka. Mkalishe kwenye kiti chenye mgongo, na asogee mbele ya stendi ili apate nafasi ya kujikunja. Tatu, asipofika mwisho, inamisha tyubu uikute shingo pale ilipoishia; mradi mwale ubaki mraba na mstari wa uso, picha itakuwa nzuri.

Ikishindikana kabisa, kuna mkao wa Towne: mgonjwa analala chali, kidevu kinavutwa kifuani, tyubu inainama nyuzi 30 kuelekea miguuni.

Majeruhi ameletwa kwenye machela na kola ya shingo. Nimwinue nimfanyie Waters?

Hapana, na wala usimguse kola. Kuna siku nilimkuta mwanafunzi ameshalegeza kola ya kijana wa ajali ya pikipiki ili “kidevu kiinuke vizuri kidogo”. Alikuwa na nia njema, mikono yake ilikuwa tayari chini ya taya. Nilimwambia aiache mikono pale pale ilipo, ashikilie kichwa kisicheze, tukamwita daktari ndipo kola ikafungwa upya. Kijana alikuwa mzima wa shingo, lakini sisi hatukulijua hilo tulipokuwa tumesimama pale.

Kwa majeruhi, tyubu ndiyo inayozunguka. Waters ya kinyume inafanywa akiwa chali: kaseti chini ya kichwa, tyubu imeinamishwa kuelekea kichwani mpaka mwale uwe sambamba na mstari wa kidevu na sikio, popote mstari huo ulipo siku hiyo. Mifupa ya uso itaonekana imekuzwa kidogo, hilo halina dawa.

Picha ya ubavu piga kwa mwale wa mlalo, kaseti ikisimamishwa pembeni mwa kichwa. Hii usiiruke. Akiwa chali, damu ndani ya sainasi iliyoko katikati ya fuvu hujitenga na hewa kwa mstari ulionyooka, na mstari huo kwa mtu aliyeumia ni dalili kwamba kitako cha fuvu huenda kimepasuka.

Taya la chini linahitaji mkao wake?

Ndiyo, kwa sababu pande zake mbili huzibana. Kichwa kinalazwa ubavu, kidevu kinanyooshwa mbele ili taya litoke juu ya uti wa shingo, kisha mwale unainamishwa nyuzi 25 kuelekea kichwani ili upande wa pili urushwe juu. Baada ya hapo unageuza uso kuelekea kaseti kulingana na sehemu unayoitaka: nyuzi 30 kwa mwili wa taya, 45 kwa kidevu, na kwa tawi lake karibu usigeuze kabisa. Penye mashine ya panorama ya meno na mgonjwa anayeweza kutulia wima, itumie hiyo. Na ukikuta mpasuko mmoja, tafuta wa pili: taya ni kama pete, mara nyingi huvunjika sehemu mbili.

Mgonjwa avue nini kabla ya picha?

Miwani, hereni, kipini, mkufu, vibanio vya nywele, wigi, meno ya bandia yanayotoka, kifaa cha kusaidia kusikia. Hicho cha mwisho kivuliwe baada ya kupewa maelekezo yote, la sivyo utakuwa unampigia kelele mtu asiyekusikia.

Nywele zilizosukwa husahaulika. Msuko mnene, hasa wenye shanga au uliolowa mafuta, huacha mistari juu ya paji la uso inayoweza kudhaniwa mpasuko. Huna haja ya kuufumua; ufunge wote juu, mbali na uso.

Mtoto hatulii. Nifanyeje?

Muda mfupi wa kupiga ndio dawa ya kwanza. Ya pili ni kumwonyesha mchezo mara moja bila kupiga, “busu ukuta, tazama dari”, ndipo upige mara ya pili. Akihitaji kushikwa, amshike mzazi au ndugu asiye mjamzito, aliyevaa aproni ya risasi na mikono yake iko nje ya mwanga. Wewe mpigaji usishike. Leo ni mtoto mmoja, kwa mwaka ni mamia.

Nina mimba. Naweza kupigwa eksirei ya uso?

Mwambie mpigaji kabla hajaanza. Mwale unaelekezwa usoni na kubanwa hapo, na kinachofika tumboni ni kidogo mno. Kama daktari ana sababu ya kuihitaji, picha hii kwa kawaida haizuiliwi.

Itauma?

Eksirei haiumi. Kuegemeza kidevu kilichovunjika kunauma. Sema mapema, kuna njia ya kukupanga bila kukigusisha popote.

Siku hizi si kuna siti-skani? Kwa nini tuendelee na mikao hii?

Kwa majeraha makubwa ya uso, siti-skani imeshinda na sina ubishi nayo. Mipasuko ile aliyoipanga René Le Fort mwaka 1901, inayotenga taya la juu na fuvu, haipimwi kwa picha ya bapa tena pale skani ilipo, na daktari wa upasuaji hatakubali chini ya hapo. Eksirei inabaki pale skani haipo au iko mbali, kwa taya, kwa jeraha dogo la shavu, na kwa kutafuta kipande cha chuma jichoni kabla mtu hajaingizwa kwenye mashine ya MRI, ile ya sumaku kali. Kwa kazi hiyo ya mwisho mkao ni Waters iliyorekebishwa, macho yakiwa yametulia sehemu moja.

Picha imetoka mbaya. Nirudie?

Jiulize kwanza kama swali la daktari limejibiwa. Kama alitaka kujua shavu la kushoto limevunjika au la, na shavu la kushoto linaonekana lote, uso uliogeuka kidogo si sababu ya kumpa mtu mionzi mara ya pili. Ufuate mfupa wa shavu na upinde wake: kwa pamoja hufanana na kichwa cha tembo na mkonga wake, na mkonga uliokatika huonekana upesi ukilinganisha pande mbili.

Lakini ukirudia, badilisha kitu. Nimeona picha tatu za mgonjwa mmoja, zote zina mwamba ndani ya sainasi, kwa sababu kila mara mpigaji alirekebisha viwango vya mashine na kidevu akakiacha pale pale.